Deni ya mukungu ni mukungu



Sisi tunaoandika ni wawili, watoto wa mama mmoja. Mmoja anasoma mwaka wa tano, mwingine mwaka wa tatu. Mwalimu wa historia alipoagiza madarasa yake yaandike habari za mahali pamoja pa mji wetu wa Goma, wenzetu walichagua volkano, uwanja wa ndege na mpaka wa Gisenyi. Sisi tulichagua soko la matunda la Kituku, pale kando ya ziwa. Watu wakacheka. Wakasema: «Soko ya ndizi iko na historia gani?»

Historia iko. Tena sisi wenyewe tumo ndani yake, kwa sababu feza iliyotulipia minervali mwaka wa 2023 ilikuwa feza ya mikungu ya mtu mwingine. Siku ile hatukujua. Tulikuja kujua nyuma, na tangu tulipojua hatuwezi kumenya kidole kimoja cha ndizi bila kukumbuka.

MJI USIO NA SHAMBA

Mgeni anayefika Goma mara ya kwanza anashangaa mawe. Chini ya miguu yetu ni lava ya Nyiragongo, nyeusi na ngumu. Mtu akitaka kupanda mgomba nyuma ya nyumba, jembe linalia juu ya jiwe na kumrudia mikononi. Kuchimba shimo la choo ni kazi ya nyundo na mtaimbo, na siku nyingi. Mji mkubwa wa namna hii hauwezi kujilisha wenyewe. Unakula kile kilichopandwa na wengine.

Chakula chetu kinaingia kwa milango mine. Wa kwanza ni barabara ya Rutshuru, upande wa kaskazini. Wa pili ni barabara ya Sake, ambayo nyuma ya Sake inagawanyika, moja kwenda Masisi na moja kwenda Minova. Wa tatu ni mpaka wa Gisenyi, ambako banamama wanavuka na vitunga vichwani. Wa ine ni ziwa Kivu.

Kwa matunda, ziwa ni mlango mwema kuliko mingine. Kamio kwenye barabara mbovu inatikisa ndizi na kuzigonga, na ndizi iliyogongwa leo itakuwa nyeusi kesho. Lakini ndani ya mtumbwi ndizi inalala. Tena ziwa halihitaji kulimwa wala kutengenezwa na mtu. Kisiwa cha Idjwi kinaleta mananasi, na kando ya Kalehe na Minova migomba inashuka mlimani mpaka karibu na maji. Ndiyo maana wauzaji wa matunda kwa jumla, ao «angro» kama banamama wanavyosema, walijipanga pale mitumbwi inapogusa nchi kavu.

Kituku huendi kununua vidole viwili vya ndizi vya chai ya asubuhi. Hivyo utavipata mbele ya nyumba yenu. Kituku unanunua mkungu, tena mikungu kumi, ao kitunga kizima cha avoka. Halafu unakwenda kuuza mwenyewe kidogo kidogo.

KAZI YA ASUBUHI

Tunaeleza kazi hii kwa sababu tumeifanya wakati wa likizo, na shingo zetu zinaikumbuka.

Mitumbwi ya mota inafika asubuhi sana. Wabebaji wanaingia majini mpaka magotini na kuitoa mikungu mmoja mmoja. Mama anasimama pale na kisu kidogo. Kwanza anatazama mkungu kwa macho. Kisha anakata kidole kimoja na kutazama ndani. Zamani, anasema, hakuna mtu aliyekata. Lakini mwaka wa 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule watu wanauita kirabiranya, ulionekana Masisi, kisha ukaenea kwa majirani. Mkungu mgonjwa unaweza kuwa mzuri kwa nje, na ndani ni uharibifu mtupu. Wakulima walifundishwa kuondoa lile ua la chini kwa kijiti chenye panda pasipo kulikata na kisu, na kupitisha panga katika moto mbele ya kugusa mgomba mwingine, kwa maana panga lenyewe ndilo lililokuwa linabeba ugonjwa. Sisi wa sokoni tulijifunza kukata kidole.

Kisha mama anapanga mistari. Ndizi za kupika upande wake. Makemba upande wake. Kamaramasenge, zile ndogo tamu za kuivisha, upande wake. Na mwishoni kabisa ziko ndizi za kasiksi. Mama yetu ni mtu wa kanisa, na watu wanamtania juu ya mstari ule wa mwisho. Yeye anajibu: «Mimi nauzisha ndizi. Kasiksi haitoke kwangu.»

Ndizi za kuivisha zinataka akili. Mahali pengine watu wanachimba shimo na kuzivumbika humo. Hapa kwetu jiwe linakataa. Kwa hiyo zinapangwa kibandani, zinafunikwa na majani makavu ya migomba, na juu ya majani shitingi. Mama anatia katikati ndizi moja iliyokwisha kuiva. Mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba tunda linaloiva linatoa gesi inayoitwa etilini, nayo inaivisha matunda yaliyo karibu. Mama hajui jina la gesi ile, lakini gesi inamtii.

Kukikucha, wanakuja banamama wa rejareja kutoka kila upande wa mji, na vijana wa chukudu. Wasomaji wa Goma wanajua chukudu; wengine tuwaambie kwamba ni pikipiki ya mbao isiyo na mota wala kiti, yenye magurudumu mawili, na inabeba mzigo ambao punda angekataa. Banamama wanachagua, wanabishana bei, wanapakia, wanaondoka. Na hapa ndipo neno kubwa la soko lile: wengi wanaondoka pasipo kulipa.

Asubuhi hakuna mwenye feza. Mama wa rejareja hana, atalipa magharibi akisha kuuza. Mama yetu hana, atamlipa mwenye shamba mtumbwi utakaporudi. Mali inashuka asubuhi kutoka mlimani mpaka sahani ya mtu wa mjini, kisha feza inapanda magharibi kwa njia ile ile mpaka mlimani. Kinachoshika njia hiyo ni daftari moja la mama, lenye majani yaliyopindana kwa maji ya ziwa, na ndani yake majina na hesabu ya mikungu. Si hesabu ya feza. Ni hesabu ya mikungu. Jambo hilo lilitushangaza, tukamwuliza koko wetu, yaani mama wa mama.

HABARI ZA KOKO

Koko alianza kuuza ndizi mwaka wa 1971, akiwa kijana. Wakati ule feza ilikuwa zaire na makuta, zilizoanza mwaka wa 1967. Makuta 100 ilikuwa zaire 1. Koko anasema zaire moja ilikuwa na heshima, mtu aliifunga ndani ya kitambaa.

Mwisho wa mwaka wa 1973 serikali ilichukua maduka na mashamba ya wageni na kuyagawia wenyeji. Biashara nyingi zilianguka, kwa sababu wengine waliopewa hawakujua kazi. Mwenye kamio aliyekuwa akimletea koko ndizi alikosa vyombo vya kutengeneza, kamio ikafa kando ya njia. «Njo tulirudia kwa bwato,» koko anasema.

Kisha feza yenyewe ikaanza kuugua. Bei zilipanda mpaka mwaka wa 1992 ikatoka noti ya zaire 5.000.000. Mwaka wa 1993 serikali ikaleta zaire mpya, na mpya 1 ilikuwa sawa na za zamani 3.000.000. Koko alikuwa ameweka akiba ndani ya kopo la maziwa. Alipolifungua, feza yote haikutosha kununua mkungu mmoja. Kisha mwaka wa 1998 ikaja franga tunayotumia mpaka leo, pamoja na dolari.

Ni katika miaka ile ndipo yeye na wenzake walipoacha kuandika feza. Ukichukua mikungu 10, utarudisha bei ya mikungu 10 ya siku ile unayolipa. Mwenye shamba hapotezi, na wewe huwezi kungojea feza iharibike ili deni lako liwe dogo. Koko ana neno lake, na tulilisikia mara nyingi tangu utoto: «Deni ya mukungu ni mukungu. Feza inakufaka, mukungu haikufake.»

Tulidhani ni mchezo wa wazee. Kumbe ni sheria.

Koko ameona soko likivunjika mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 1977, ziwa la moto lililo juu ya Nyiragongo lilipasuka na kumwagika kwa muda mfupi kabisa, lava ikashuka mbio na kuua watu wa vijiji vya kaskazini ya mji. Mwezi wa 7 mwaka 1994, katika siku chache, wakimbizi karibu milioni moja waliingia kutoka Rwanda, na kolera ikawaua wengi barabarani. Koko anasema siku zile ndizi ziliuzwa kidole kwa kidole, na mtu aliona haya kupandisha bei mbele ya maiti, lakini wengine hawakuona haya.

Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji wenyewe, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikagawanya Goma vipande viwili na kuingia ziwani. Makumi ya maelfu ya watu walikosa nyumba. Nyumba ya koko iliungua pamoja na daftari. Nyuma ya siku chache watu walirudi wakitembea juu ya mawe yaliyokuwa bado na moto. Koko alishuka kando ya maji, akawakuta wenzake. Wakaketi juu ya mawe na kusemeana kwa kinywa: wewe ulikuwa na mikungu yangu 8, mimi nilikuwa na yako 15. Hakuna karatasi. Wawili hawakukubali hesabu yao, na mpaka leo hawasalimiani. Wengine wote walikubali. Nyumba zilikuwa hazijajengwa, na soko lilikuwa limekwisha kurudi.

Sisi wenyewe tulionja kidogo mwaka wa 2021. Tarehe 22 mwezi wa 5, siku ya posho, magharibi, mlima ulitoka tena, lava ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na mji. Siku tano nyuma yake tuliamriwa kutoka, tukalala Sake chini ya kibaraza cha watu tusiowajua. Mama alibeba vitu viwili tu: sufuria na daftari.

MWEZI WA 5, 2023

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mama yetu alikuwa na mukiriya wake, mama mmoja wa Nyamukubi, huko Kalehe. Sokoni neno hilo la mukiriya lina pande mbili: mimi ni mukiriya wako, nawe ni mukiriya wangu. Walifanya kazi pamoja miaka tisa. Alipokuja kwetu alitupatia kamaramasenge mkononi na kuuliza masomo yanaendelea namna gani.

Siku ya pili, tarehe 2 mwezi wa 5 mwaka 2023, alileta mikungu 36. Hakungojea malipo. Alisema: «Chukuwa tu. Siku ya ine ni soko kwetu, sitaki kuikosa. Utanilipa nikirudia.» Mama akaandika: 36.

Siku ya ine, tarehe 4, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe. Mito ilishuka na mawe, matope na miti, ikapita juu ya Bushushu na Nyamukubi. Soko la Nyamukubi lilikuwa limejaa watu, kwa sababu ilikuwa siku yake. Miili zaidi ya 400 ilizikwa, na watu wengine maelfu hawakuonekana tena.

Mama alingoja juma moja. Alingoja la pili. Kila mtumbwi uliofika kutoka upande ule, alikwenda kuuliza. Mikungu 36 ilikuwa imekwisha kuuzwa, na feza iko chini ya godoro.

Ni katika siku zile zile majina yetu yalisomwa darasani, nasi tukarudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali. Walimu wanaotusoma wasifikiri kwamba tunalalamika. Masomo hayawezi kuendeshwa na upepo. Tunasema tu namna ilivyokuwa. Tulifika nyumbani, tukakaa kimya mlangoni. Mama alitutazama muda mrefu. Kesho yake tulirudi darasani, kila mmoja na risiti yake, tukafurahi. Mtoto haulizi feza imetoka wapi. Anauliza tu kama iko.

Likizo ilipofika tulimsaidia mama kupiga hesabu. Katika daftari kila deni lililolipwa lina mstari juu yake. Tukaona 36 pasipo mstari. Tukauliza. Mama akaendelea kufunga vitunga. Kisha akasema: «Ile njo ninyi.»

Usiku ule hatukulala upesi. Mmoja wetu alisema mama hakukosa, kwa sababu mwenyewe hayuko tena, na feza iliyolala chini ya godoro haimsaidii mfu. Mwingine akajibu kwamba huyo mama alikuwa na watoto, na kama watoto wako, basi sisi tunasoma kwa chakula chao. Wa kwanza akasema: «Na kama hawako?» Wa pili hakuwa na jibu.

Sokoni vilevile watu walikuwa na mawazo mbalimbali. Mama mmoja wa mstari wetu alisema waziwazi: «Deni imekufa na mwenyewe. Si wewe uliua.» Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amepoteza mali kwa watu wawili waliokufa na hakuna aliyemlipa. Lakini koko aliposikia alisema neno lake lile lile, tena bila kuinua sauti. Mama akaleta kopo na kuanza kutia ndani kidogo kidogo.

SAFARI

Mwisho wa mwezi wa 8 tulipanda mtumbwi sisi wote watatu. Hatukuwa tumeona Nyamukubi mbele. Pale palipokuwa na nyumba tulikuta mawe makubwa, mengine yanapita urefu wa mtu. Mtu mmoja alitunyoshea kidole: hapa palikuwa soko, hapa palikuwa masomo, hapa palikuwa njia. Kwetu yote yalionekana sawa.

Tuliuliza kwa wale waliokaa chini ya mashitingi. Tulipelekwa huku, tukapelekwa kule. Karibu na magharibi tukaonyeshwa msichana mwenye umri kama wetu, anayepika, na watoto wawili wadogo karibu naye. Alikuwa binti wa mukiriya.

Mama alipomwambia kwamba anatoka Kituku kwa ajili ya hesabu ya mamake, msichana alisimama. Akaogopa. Akasema upesi: «Mama, sisi hatuna kitu. Mama yetu hakutuachia feza. Munaona vile tuko.»

Alidhani tumekuja kudai.

Mama akatoa daftari, akamwonyesha ile 36. Akasema: «Hapana, mwanangu. Si weye uko na deni. Ni miye.»

Msichana alitazama karatasi, kisha akatutazama sisi. Akauliza nani mwingine alijua jambo hilo. Mama akajibu: hakuna. Msichana akakaa chini karibu na moto, akafunika uso na kitenge, na wale wadogo wakaanza kulia kwa sababu yeye analia.

Siku ile mama alilipa mikungu 10. Bei ilikuwa imepanda tangu mwezi wa 5, na mmoja wetu akamnong'oneza mama kwamba kwa bei ya zamani feza ile ingelipa mingi zaidi. Mama akamkanyaga mguu. Tulielewa siku ile kwamba sheria ya koko si tamu kwa yule anayelipa.

Mbele ya kuondoka msichana alisema neno moja tu. Hakuomba nguo wala chakula. Shamba la mamake lilikuwa juu mlimani, maji hayakulifikia. Akasema: «Ndizi bado ziko. Hakuna wa kuzipeleka. Munaweza kuzichukuwa?»

NYUMA YA HAPO

Tangu mwezi wa 10 mwaka 2023 mikungu ya binti ilifika Kituku. Kila mara mama alilipa ile mipya na kuongeza mmoja ao miwili ya zamani.

Mwezi wa 2 mwaka 2024 vita vilikata barabara ya Sake na Minova. Watu wote na mizigo yote ya upande ule vikakimbilia ziwani, na mitumbwi na mashua vikajazwa kupita kiasi. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 mashua moja iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu walioko nchi kavu wakiiona kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Mama alikuwa pale akingoja mzigo. Binti hakuwa ndani, mikungu yake ilikuwa imefika siku mbili mbele. Lakini walikuwamo watu ambao mama alijua sauti zao. Alirudi nyumbani na viatu vyenye maji, akakaa siku tatu pasipo kwenda sokoni.

Aliporudi, alimkuta yule mama wa mstari wetu, yule aliyesema deni inakufa na mwenyewe. Alikuwa ameshika daftari, anauliza wabebaji kama wanajua mahali ndugu za mtu fulani wanapokaa. Mama hakumwambia kitu. Alimwonyesha tu njia.

Mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Hatutaandika yote tuliyoyaona. Masomo yalifungwa, benki zilifungwa, ziwa lilikaa bila mitumbwi. Mitumbwi ilipoanza kufika tena, feza ilikuwa imepotea mjini. Binti alikuja na mikungu 12. Mama alimwambia ukweli: ya zamani imebaki 7, na leo sina hata franga ya kukupa, afazali uuze kwa mwingine. Msichana akaishusha mikungu chini na kusema: «Chukuwa tu. Utanilipa nikirudia.»

Hakujua kwamba ndivyo mamake alivyosema siku ile ya mwisho. Sisi tulijua. Tulishika kazi ya kupanga mistari ili tusitazamane.

Ile mikungu 7 tuliomba mama atuachie sisi. Likizo ya mwaka wa 2025 tulibeba vitunga na kusukuma chukudu ya jirani, na kila magharibi tulitia sehemu yetu ndani ya kopo. Hatutaki mtu atusifu. Tulikuwa tumesoma kwa ndizi zile, basi ilifaa tuzibebe hata kidogo.

Siku ya malipo ya mwisho mama alimpa binti kalamu. Yeye mwenyewe akapiga mstari juu ya 36, pole pole, kama mtu anayefunga mlango nyumba ambamo mtu analala. Tulidhani amemaliza. Lakini hakurudisha kalamu. Akatazama mikungu aliyoleta asubuhi ile, akaihesabu kwa macho, akaandika chini yake: 14.

Basi, wasomaji wapenzi, waliotuuliza soko ya ndizi iko na historia gani, hiyo ndiyo tunayoijua. Haikuandikwa juu ya ukuta wala juu ya jiwe. Kama mnataka kuisoma, mwombe mama yeyote wa Kituku awaonyeshe daftari lake. Lakini mfike mapema, kwa maana kukikucha yuko na kazi.